Kalenda ya Benedikta

Nilimtukana Benedikta mbele za watu kabla sijamshukuru, na alinisikia vizuri. Sauti yangu si ya kunong'ona. Mama yangu husema niliirithi kwa shangazi yake mmoja wa Pemba, ambaye akiita mbuzi wake, mbuzi wa kijiji cha pili nao walikuwa wakiitika. Kwa hiyo mtaa mzima wa Chumbageni unajua nilichomwambia yule mwanamke, na ni haki mtaa mzima ujue pia kwa nini siku hizi sipiti mbele ya duka lake bila kusimama.

Mimi naitwa Mwatum binti Massoud. Kazi yangu ni kushona kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka ua litokee. Nilianza nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa mama, huko Wete. Sasa nina arobaini kasoro mbili na nimeolewa hapa Tanga. Kofia moja nzuri ni kazi ya miezi miwili, mara nyingine mitatu. Watu husifu mikono yangu, lakini mikono inafuata tu. Kazi ni ya macho.

Benedikta ana duka la dawa muhimu pale kwenye kona, baina ya mashine ya kukoboa na saluni ya Queen. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, koti lake jeupe limefuliwa mpaka likalainika kama kanga ya kulalia. Uso wake hauna mchezo. Watu wanamwita dokta, naye hukataa kila mara. "Mimi si dokta, mimi ni mtoa dawa," husema, na watu humjibu, "Sawa, dokta." Amechoka kubishana lakini hajaacha.

Baba yake alitoka Njombe akiwa kijana kuja kukata mkonge. Baadaye akapanda milimani, upande wa Amani, kwenye mashamba ya chai, akaoa, akapata watoto watano. Benedikta ni wa tatu. Alisoma mpaka kidato cha nne, akafanya kozi ya utoaji dawa, akashuka mjini kuuza kwenye duka la mtu mwingine. Miaka ikapita mingi ndipo akafungua la kwake. Haya sikuambiwa na yeye, maana Benedikta si mtu wa kujieleza. Aliyenieleza ni baba yake mwenyewe, Mzee Ernesti.

Mzee Ernesti hushinda kwenye benchi nje ya mlango wa duka, redio ndogo mapajani, akisikiliza mpira na kugombana na watangazaji. Haoni hata kidogo. Asubuhi Benedikta humleta amemshika mkono, jioni humrudisha. Katikati ya siku mzee hunywa chai vikombe visivyohesabika, na kila kikombe hukitia kasoro. "Hii ni chai," huuliza, "au ni maji waliyooshea gunia?" Mtu aliyechuma chai miaka thelathini, utamjibu nini?

Benchi lile lilikuwa likituudhi wote. Lilikaa vibaya. Mguu wake mmoja ulikuwa umejitokeza njiani, upande wa kulia wa anayeingia, na mwingine upande wa kushoto umechomoza vilevile. Queen wa saluni alimwambia Benedikta alisukume ukutani, akajibiwa kwamba liko pale linapotakiwa kuwa. Tulidhani ni kiburi.

Kero ya pili ilikuwa kalenda. Ukiingia kwa Benedikta ukataja jicho, hupati kitu mpaka usome kalenda. Ni ile kubwa ya parokia, ina majina ya watakatifu kwa maandishi madogo chini ya kila tarehe, nayo imetundikwa ukutani mbali na kaunta. Sakafuni kuna mstari wa rangi. Unasimama hapo, unafunika jicho moja kwa kiganja, unasoma, kisha unafunika la pili, unasoma tena. Halafu yanakuja maswali. Ni jicho moja au yote mawili? Linawasha au linauma? Mwanga unakuchoma? Kuna kitu kiliingia? Unaona kama jana?

Tulimcheka sana. Tulisema kwa Benedikta unakwenda kununua dawa ya jicho, unarudi na tarehe ya leo. Nadhani maneno hayo niliyaanzisha mimi.

Ila si kwamba alikuwa akimpeleka kila mtu hospitali. Anjela, anayekaanga maandazi, alikuja na macho yote mawili yanawasha, yanatoka machozi kila msimu wa vumbi. Alisoma kalenda yote mpaka mstari wa mwisho. Benedikta akampa dawa ya matone ya mzio, akamwambia aache kuyasugua na ahamishe jiko lake mahali penye upepo. Kijana mmoja mwenye chokea kwenye ukope hakuuziwa chochote. Aliambiwa akande kwa kitambaa cha maji ya moto, asikamue, arudi baada ya siku kadhaa. Nikajiuliza ni mfanyabiashara gani huyu anayefukuza wateja mwenyewe.

Lakini Sele, fundi wa kuchomelea mageti, alipokuja akitaka "dawa ya mchanga" baada ya kusaga chuma bila miwani, hakupewa hata kiti. Benedikta alimsukumia ndani ya bajaji kwenda hospitali, kama mbuzi anapelekwa mnadani, Sele mwenyewe ndivyo anavyosema. Kulikuwa na kipande cha chuma kimenasa jichoni. Kilitolewa siku ileile na jicho likapona. Na mama mmoja aliyekuja na kitoto cha siku nne, macho yanatoa usaha, hakupewa hata nafasi ya kumaliza maelezo yake kabla ya kupakiwa bajaji kwenda hospitali.

Mimi yote hayo niliyaona na sikujifunza lolote. Mtu huona jicho la mwenzie tu.

Sasa nifike kwangu. Mwaka jana mdogo wangu Abdulhakim alikuwa anaoa hapahapa Tanga. Mimi ni dada yake mkubwa, na kwetu dada mkubwa wa bwana harusi ana kazi mbili zisizo na mjadala: kofia ya nikaha na mchele wa nikaha. Mama alituma gunia la mpunga kutoka Pemba kwa boti, akapiga simu kuhakikisha nimelipokea.

"Utautwanga kwa mkono wako, Mwatum," akasema. "Usimpe mtu wa mashine."

"Mama, mashine iko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu."

"Najua ilipo. Mchele wa mashine tutakula siku nyingine. Huu ni wa nikaha ya mwanangu."

Basi nikatwanga. Nikapepeta uani, ungo mikononi, jua la asubuhi usoni, na upepo ukageuka ghafla. Kapi moja la mpunga likaniingia jicho la kulia. Nikaosha kwa maji, nikafikicha kidogo, nikaendelea. Nani anaacha mpunga wa nikaha kwa ajili ya kapi?

Kesho yake jicho lilikuwa linakwaruza. Keshokutwa likawa jekundu. Jirani yangu Rahila akaliona, akaingia ndani kwake, akatoka na kichupa. Mumewe, Uweso, hufanya biashara ya nguo kwa kupitia mpaka wa Horohoro, na mama yake Uweso alipasuliwa mtoto wa jicho huko Mombasa. Alipewa dawa ya matone ya kutia baada ya upasuaji. Mama akapona, dawa ikabaki. Na sisi watu wa pwani dawa iliyobaki hatuitupi. Inakuwa ya mtaa, kama kinu na mbuzi ya kukunia nazi.

"Tia tone moja tu," Rahila akaniambia. "Hii imetoka hospitali, si ya kienyeji."

Nikatia. Loo! Jicho likapoa kana kwamba limepulizwa. Wekundu ukapungua siku ileile, nikamwombea Rahila dua na kichupa nikakiweka kwenye kopo langu la sindano. Siku nne nilikuwa nikitia asubuhi na jioni. Siku ya tano maumivu yakarudi, na yalirudi na wenzao. Mwanga ukawa kama pilipili. Machozi yakawa yanatiririka yenyewe. Nikifumba jicho la kushoto, nilikuwa nikitazama dunia kupitia maji ya kuoshea mchele.

Nikatia tone zaidi. Kofia ya Abdulhakim ilikuwa imebaki vidole viwili tu vya ukanda, na nikaha ilikuwa Ijumaa. Nikajifunga kitambaa jicho la kulia na kushona kwa la kushoto. Jumanne kichupa kikaisha, nikakitia ndani ya buibui kwenda kununua kingine kwa Benedikta.

Mlangoni nikajikwaa kwenye mguu wa kulia wa benchi nusura nianguke kifudifudi.

"Hamadi!" nikasema.

"Benedikta!" Mzee Ernesti akaita ndani. "Huyu wa sasa, jicho la kulia."

Nilihisi kama nimevuliwa nguo barabarani. "Mzee, shikamoo," nikamwambia, "lakini benchi lenu ndilo halioni."

"Marahaba," akajibu, bila hata kukasirika.

Ndani nikaweka kichupa kitupu juu ya kaunta. "Nipe kama hiki. Nina haraka, nina harusi."

Benedikta alikichukua, akasoma karatasi yake, akakiweka chini polepole. "Dawa hii haiuzwi bila cheti cha daktari, na duka kama langu halina ruhusa ya kuiweka. Nani alikuandikia?"

"Nimeandikiwa na jirani."

Hakucheka. Alinielekeza mstari wa sakafuni. Nikasimama, nikafunika jicho la kulia, nikasoma kwa la kushoto: Agosti, tarehe, na watakatifu wake wote niliowataka na nisiowataka. Nikabadilisha. Kwa jicho la kulia ukutani kulikuwa na kitu cheupe, basi. Lakini mimi si mjinga. Nikasoma, "Agosti," na nikamtajia na mtakatifu mmoja, kwa kuwa nilikwisha kumwona kwa jicho zima.

Benedikta akaenda ukutani, akafunua kurasa kadhaa za kalenda. "Soma huu mwezi."

Nikakodoa jicho, nikaona weupe uleule. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Akaniuliza maswali yake yote, sasa kwa sauti ya chini. Nilimwambia la kapi. Nilimwambia la mwanga. Alipouliza kama jicho lilipoa kwanza baada ya dawa kisha likarudi kwa nguvu, nikashtuka, nikadhani Rahila amekwisha kumsimulia. Akanimulika kwa kurunzi ndogo kutoka pembeni. Alitazama muda mfupi tu, akazima.

"Dada Mwatum, kwenye kioo cha jicho lako kuna doa jeupe. Ni kidonda. Unakwenda hospitali leo. Sasa hivi."

"Ijumaa ni nikaha ya mdogo wangu. Nipe kitu cha kunifikisha Ijumaa. Jumamosi nitakwenda, wallahi."

"Sina kitu cha kukufikisha Ijumaa. Na ningekuwa nacho nisingekupa."

Hapo ndipo hasira zilipopanda. Kichwa kinaniuma, jicho linawaka, kofia haijaisha, na huyu ananisomea kama mtoto wa madrasa. "Wewe muuza panadol!" nikamwambia, na Queen alisikia akiwa chini ya mashine yake ya kukaushia nywele. "Muuza panadol, usijifanye bingwa wa macho! Maduka ni mengi Tanga. Nitanunua kwingine, na kwako sirudi!"

Na ningenunua, nisijidanganye. Karibu na stendi kuna wanaouza chochote kwa yeyote. Nikatoka kama moshi.

Mzee Ernesti akazima redio. Kila anayemjua mzee yule anajua kwamba redio yake haizimwi hata mpira ukiwa mapumziko. Ndiyo maana nikasimama.

"Keti, mama," akasema. "Dakika mbili. Ukitaka kwenda baadaye, nenda."

Nikaketi kwenye benchi lilelile.

"Mimi nilikuwa na macho mekundu," alianza. "Kule juu, Amani. Kichwa kilikuwa kinaniuma upande, mpaka mara nyingine natapika. Nikitazama taa, naiona imezungukwa na duara la rangi, kama upinde wa mvua. Nikamtumia salamu binti yangu mjini, wakati huo ameajiriwa kwenye duka la dawa. Akanitumia kichupa kwa lori la chai. Nikatia, wekundu ukaisha. Mwezi uliofuata akatuma kingine. Kila mwezi, mama, hakuruka hata mmoja, pamoja na barua. Baba, tia asubuhi na jioni. Nami nikatia. Miaka miwili."

Ndani ya duka Benedikta alikuwa ametupa mgongo, akipanga maboksi ambayo yalikuwa yamekwisha pangwa.

"Kumbe ni presha ya macho," mzee akaendelea. "Wekundu nilikuwa nauona, presha siioni. Nikaanza kugonga miti ya pembeni ya njia. Nikasema ni uzee. Nilipokuja kupelekwa kwa daktari, akasema kilichokwenda hakirudi. Binti yangu katika barua zake alikuwa akiniuliza, linauma au limepoa? Kama naona, hakuniuliza. Hakujua kwamba ndilo swali. Nami sikumwambia, nisimtie wasiwasi." Akageuza uso upande wangu, karibu kabisa na mahali nilipo. "Simlaumu. Alichokuwa anakijua ndicho alichonitumia. Lakini wewe umeulizwa, mama. Umeulizwa kila kitu. Sasa unataka nini tena?"

Nililia hapohapo, na machozi yalichoma jicho bovu kuliko dawa yoyote. Niliona aibu, na nyuma ya aibu niliona hofu, ile niliyokuwa nikiitwanga kwenye kinu wiki nzima isipige kelele. Nisiposhona mimi ni nani?

Benedikta akatoka na karatasi. Alikuwa ameandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa, kapi la mpunga, siku ya ngapi, dawa gani, mara ngapi, lilipoa lini, likarudi lini. Kichupa kitupu alikibandika kwenye karatasi kwa plasta. "Usikitupe hiki," akasema. "Wakiona hiki watajua waanzie wapi. Usitie kitu kingine, hata maji ya zamzam. Usilisugue. Na kitambaa hicho, usilifunge."

Rahila ndiye aliyenisindikiza. Kwenye bajaji alikuwa akilia kuliko mimi, akisema amenipofua kwa mkono wake, mpaka ikabidi mimi mgonjwa nimbembeleze. Dawa yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa jicho la mama mkwe wake.

Hospitali waliniweka mbele ya foleni baada ya nesi kusoma ile karatasi. Wakanitia tone la rangi ya manjano, wakamulika taa ya buluu, wakakwangua kidogo juu ya kidonda kwenda kupima. Daktari alikuwa na maswali, kisha akatazama karatasi akayaona majibu yake yamekwisha andikwa. Alisema ni fangasi, wale wanaoishi kwenye makapi na majani. Ile dawa ilikuwa ikipoza wekundu tu, na huku nyuma fangasi wakila kwa raha bila mtu wa kuwafukuza.

"Na kama ningekuja Jumamosi?" nikauliza.

"Jumamosi tungezungumza habari nyingine," akasema. Hakusema habari gani na mimi sikumuuliza. Akainua karatasi. "Nani ameandika hii?"

"Muuza panadol," nikasema. Kisha nikasahihisha. "Ni mtoa dawa. Anaitwa Benedikta."

Nililazwa siku kumi na sita, tone kila saa, mchana na usiku. Nikaha ilipita nikiwa kitandani. Abdulhakim alivaa kofia ya kununua, akanuna, halafu akaja wodini na bakuli la pilau, tukalia wote wawili tukiwa tunakula. Kila aliyekuja kunitazama aliusifu ule mchele kwamba haujapata kuonekana. Nilitamani kuwarushia bakuli.

Uoni ulirudi polepole, na si wote. Kwenye kioo cha jicho pamebaki kovu dogo, kama tone la maziwa lililokaukia kwenye kanga. Lakini umbo la dirisha lilirudi, kisha nondo zake, kisha sura ya Rahila. Siku niliyoweza kuhesabu nondo nilisujudu.

Mwezi wa kumi nikaenda dukani. Nikaruka mguu wa benchi.

"Nani huyo?" akauliza Mzee Ernesti.

"Mwatum. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona hukunigonga?"

"Nimeuona mguu."

Akacheka peke yake, akapandisha redio. Ndani Benedikta hakusema karibu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kalenda, akafunua mwezi ambao nisingeweza kuukisia, akarudi kaunta, akashika ukingo wake kwa mikono yote miwili. Nikafunika jicho la kushoto.

"Novemba," nikasoma. "Tarehe moja, Watakatifu Wote. Tarehe mbili..." Herufi zilikuwa na ukungu kidogo. Nikazisubiri. "Marehemu Wote."

"Vizuri," akasema. "Matone unaendelea nayo?" Lakini mikono ilikuwa bado imeshika kaunta.

Nikamwomba radhi kwa lile neno la siku ile. Akasema hakulisikia. Nikamwambia mtaa mzima ulilisikia, hata waliokuwa chini ya mashine ya Queen, na hapo kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. Nilimpelekea halua, akasema anayo sukari ya kutosha. Nikampelekea karafuu za kwetu, akazigawa kwa wateja. Mwanamke yule hajui kupokea. Nikarudi nyumbani nikafikiri, kisha nikamwomba Mzee Ernesti nimpime kichwa kwa uzi, nikimdanganya kwamba namfananisha na mume wangu.

Kofia ile ilinichukua miezi mitano, mimi ninayemaliza kwa miwili. Nilimpelekea Machi, asubuhi, chai yake ikiwa bado inatoa moshi. Nilimwekea mapajani.

"Mimi ni Mkatoliki," akasema alipoigusa.

"Jua la Tanga halikuulizi dini, mzee."

Akaweka redio kando. Akaipitisha vidoleni polepole, duara la juu kwanza, kisha ukanda, tundu baada ya tundu, ua baada ya ua. Midomo ilikuwa ikicheza kama anasali rozari. Mara kidole kikasimama, kikarudi nyuma. "Hapa umeruka tundu."

Nikatazama. Kweli. Tundu moja, kweupe, halikuzungushiwa uzi. Katika miaka yangu yote ya kushona sijapata kutoa kofia nje ikiwa na kasoro ya namna ile. Nikataka kumnyang'anya. Benedikta alikuwa amekwisha kutoka mlangoni kuona tunachobishania. Akaichukua yeye, akaigeuza kwenye mwanga, akaisogeza karibu na macho. Amewahi kuziona kofia zangu, anajua kazi yangu inavyokuwa, na aliona kwamba hapa nyuzi zimekaa kwa shida, nyingine zimezidi, nyingine zimepungua.

"Hii si kazi yako ya siku zote," akasema.

"Si ya siku zote."

Akanitazama usoni, jicho moja, kisha la pili, kama anavyotutazama wote. "Umeishona kwa jicho gani?"

"La kulia," nikamwambia. "La kushoto nililifunga kitambaa."

"Yote?"

"Yote. Tangu tundu la kwanza."

Akaenda kwa baba yake, akamvalisha ile kofia, akaiweka sawa, akaiweka sawa tena, na mikono yake haikutoka kichwani mwa mzee.

"Baba," alisema, "mimi sikukuuliza."

"Najua," akajibu Mzee Ernesti. "Ndiyo maana unamuuliza kila mtu."

Kisha akanyoosha mkono hewani kutafuta kikombe chake cha chai, nami nikamsogezea.